Mionzi Ilivyopanda Nyanda za Uha

Mwishoni mwa mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulivuka mto Malagarasi ukaingia Uha, katika mkoa wa leo wa Kigoma, ukielekea Ujiji. Watawala wa Uha hawakumpitisha bure. Mmoja wao, Mionvu wa Kimenyi, alimtoza hongo ya vitambaa iliyomuuma sana, na Stanley aliposikia kwamba mbele kuna wengine wanaongoja chao, aliamua kutoroka na watu wake usiku kupitia porini. Mtu aliyekuwa akimtafuta, David Livingstone, alikuwa Ujiji, mgonjwa na mchovu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kasoro tangu 1844, pale simba alipomvunja mfupa wa juu huko Mabotsa, kusini mwa Afrika. Mfupa ule haukuunga. Ncha zake mbili zilibaki zikicheza ndani ya nyama, zikawa kama kiungo cha ziada kati ya bega na kiwiko.

Hakuna aliyeuona mfupa huo Livingstone akiwa hai. Ulipapaswa juu ya ngozi, basi. Ulionekana Aprili 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuibeba maiti yake kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, nayo ikasafirishwa kwa meli hadi Uingereza. London kulikuwa na wasiwasi kama kweli ni yeye. Daktari bingwa wa upasuaji, Sir William Fergusson, alichana ule mkono wa kushoto, akakuta mfupa ulivyovunjika, na shaka ikaisha. Katika miaka hiyo, Ujiji kama London, mfupa wa mtu ulionekana kwa jeraha au kwa kifo.

Kwa hiyo waunga mifupa wa vijijini, Uha na kwingineko, walifanya kazi kwa vidole: kubonyeza, kuvuta, kusikiliza mlio wa ncha zinaposuguana, kufunga kwa vijiti na magome. Wakunga nao walipima mtoto tumboni kwa viganja. Ujuzi huo haukuwa mdogo, na bado upo. Kikomo chake kilikuwa ngozi.

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg nchini Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aliona kipande cha kadi kilichopakwa kemikali kikimeremeta kwenye chumba chenye giza, ingawa bomba la glasi alilokuwa akilipitishia umeme lilikuwa limefunikwa kwa karatasi nyeusi. Kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikionekana wazi. Habari zilienea duniani kwa kasi ya telegrafu za wakati ule, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia.

Mionzi hiyo, ambayo leo tunaiita eksirei, haikukawia kufika Afrika, na jeshi lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia. Mwaka 1898 Meja Battersby wa kikosi cha tiba cha Uingereza aliipeleka mashine ya eksirei Sudan, kwenye kingo za Nile, wakati wa vita dhidi ya dola ya Mahdi. Jangwani hakukuwa na umeme. Battersby alitumia baiskeli ya watu wawili iliyofungwa dainamo: askari walipiga pedali, betri zikajaa, na betri zikaendesha mashine iliyotafuta risasi kwenye miili ya majeruhi. Safarini vifaa vilifunikwa kwa kitambaa kizito kilichoroweshwa maji ili joto lisiviharibu. Baiskeli ile inastahili kukumbukwa na kila anayeandika historia ya tiba Afrika Mashariki, kwa sababu ilionyesha mapema jambo ambalo lingetawala miaka mia moja iliyofuata: daktari na glasi vinaweza kubebwa hadi popote, lakini umeme lazima utafutwe papo hapo.

Sababu yake iko kwenye fizikia yenyewe. Ndani ya bomba la eksirei, waya uliopashwa moto hutoa elektroni. Volti elfu nyingi, tuseme 70,000, huzivuta elektroni hizo kwa kasi kubwa hadi zigonge kipande cha tangsteni. Takribani asilimia 1 tu ya nguvu inayoingia hugeuka kuwa mionzi. Iliyobaki yote ni joto. Picha moja ya kifua ikihitaji volti hizo 70,000 na mkondo wa miliampia 200, hiyo ni kilowati 14, ingawa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Jenereta ndogo ya kuwashia taa za wodi haiwezi kuutoa mshtuko wa namna hiyo: volti inashuka, mionzi inalegea, na picha inatoka hafifu. Mgonjwa anarudiwa, anapata mionzi mara mbili, na filamu imepotea.

Mionzi ikishatoka, mwili wenyewe ndio unaochora picha. Uwezo wa kitu kuimeza hupanda kwa kasi kadiri atomu zake zilivyo nzito, karibu kwa namba ya atomu ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe. Nyama ni kaboni, ambayo namba yake ni 6, na oksijeni, 8. Mfupa una fosforasi, 15, na kalisi, 20. Ndiyo maana mfupa huzuia mionzi na kubaki mweupe kwenye filamu, mapafu yaliyojaa hewa hupitisha na kuwa meusi, na aproni ya risasi, madini ambayo namba yake ni 82, humlinda mpiga picha. Waanzilishi hawakuwa na aproni hizo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili kwa sababu ya majeraha ya mionzi na akafariki mwaka 1904. Mionzi haina harufu, haiumi inapoingia. Tanzania iliitungia sheria ya kinga mwaka 1983, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ndiyo inayokagua vyumba vya eksirei nchini hadi leo.

Wakati Ulaya ikijaza hospitali zake mashine hizo, Uha ilikuwa na shida nyingine. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini. Miji ya Uha ya Kasulu na Kibondo ilibaki huko juu, siku kadhaa kwa miguu kutoka kituo cha treni. Vita Kuu ikaja, Wabelgiji wakaiteka Kigoma mwaka 1916 na kuitawala hadi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Kisha malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa Uha kutoka kwenye nyumba zao zilizotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa msitu ili mbung'o wasipate kivuli. Eneo la Kibondo lilikuwa kiini cha mpango huo. Watu waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Ardhi waliyoiacha ikarudi kuwa pori, na sehemu yake leo ni hifadhi ya wanyama ya Moyowosi.

Kifaa cha kuona ndani ya mwili katika kampeni ile kilikuwa hadubini. Mhudumu alichoma sindano kwenye tezi ya shingo au alitoa damu ya kidole, akapaka kwenye kioo na kutafuta kimelea mwenye mkia anayechezacheza kati ya chembe nyekundu. Hadubini haikudai jenereta. Kioo kidogo chini yake kilikusanya mwanga wa jua, na jua Kibondo lipo. Ndiyo maana ilifika kwenye makazi yale miongo mingi kabla ya eksirei kuwa jambo la kawaida wilayani, na huo ndio ulikuwa mtindo wa mambo tangu hapo: kila chombo kilipanda nyanda za Uha kwa kadiri nguvu kilichoitaka ilivyopatikana.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazawa 12. Sehemu kubwa ya mzigo wa tiba katika nyanda hizi ilikuwa juu ya misheni: Wakatoliki Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, Waadventista Heri, upande ambao sasa ni wilaya ya Buhigwe, na Waanglikana kwenye vituo vyao. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kwa mara nyingine, safari hii kwenye vijiji vya ujamaa, na zahanati zikafuata vijiji. Zahanati, ndiyo. Eksirei ilibaki ya hospitali.

Chumba cha eksirei cha enzi ya filamu kilikuwa vyumba viwili. Kimoja cha kupigia, kingine cha giza. Filamu ilikuwa plastiki iliyopakwa chembechembe za bromidi ya fedha. Mionzi ilizigusa, lakini alama haikuonekana mpaka filamu isafishwe. Fundi aliingia gizani akiwa na taa nyekundu hafifu, akaizamisha filamu kwenye dawa ya kwanza kwa dakika chache, akaisuuza, akaizamisha kwenye dawa ya pili inayokamata picha, kisha akaiosha kwa maji mengi na kuianika kama nguo. Dawa ya kwanza hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la karibu nyuzi 20. Ikizidi joto, picha inaungua. Ikipoa, picha inachelewa na kufifia. Hapo nyanda za Uha, zilizo juu ya mita 1,200, zina nafuu kuliko joto la kando ya ziwa. Maji ndiyo yalikuwa kazi, hasa kiangazi, na dawa zenyewe zilikuja kwa barabara ya vumbi au matope kulingana na msimu. Filamu ina tarehe ya mwisho. Lori lililokwama Malagarasi wiki mbili liliweza kuharibu picha ambayo bado haijapigwa.

Mwisho wa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani liliikabili shida hiyo ana kwa ana. Wataalamu wake, akiwemo Philip Palmer aliyewahi kufanya kazi Afrika, walisanifu mfumo rahisi wa eksirei kwa hospitali ndogo. Siri yake ilikuwa ileile ya Battersby: betri. Umeme dhaifu wa kijiji uliingia polepole kwenye betri za risasi na asidi kwa saa nyingi, nazo zikautoa wote kwa pamoja wakati wa kupiga picha. Mwaka 1985 Shirika likachapisha pia mwongozo wa kazi za chumba cha giza. Kwa macho ya mwandishi huyu, hao ndio wahandisi walioielewa Afrika ya vijijini kuliko wengi waliokuja baadaye na mashine za kifahari zinazokufa mwaka wa pili.

Eksirei ilikuwa na udhaifu mmoja ambao betri haikuutibu: haikumfaa mjamzito. Madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipiga nyonga za wajawazito picha ili kujua kama mtoto atapita. Mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alitoa matokeo ya kwanza ya uchunguzi wake, yakaendelezwa mwaka 1958: watoto waliopigwa mionzi tumboni walikufa kwa saratani zaidi ya wenzao. Alipingwa kwa miaka mingi. Alikuwa sahihi. Na mwaka huohuo wa 1958, Ian Donald wa Glasgow pamoja na wenzake walichapisha picha za tumbo zilizotengenezwa bila mionzi yoyote, kwa sauti.

Fizikia ya altrasaundi mkazi wa Uha anaijua hata kama hajaisoma. Ukisimama ng'ambo moja ya bonde la Kasulu na kuita, mwangwi unarudi, na kadiri kilima kilivyo mbali ndivyo unavyochelewa. Mashine hufanya vilevile kwa sauti ambayo sikio halisikii, mitetemo milioni 3 na zaidi kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea kama 20,000. Chanzo chake ni fuwele ambazo ndugu Jacques na Pierre Curie waligundua mwaka 1880 kwamba zikibanwa hutoa umeme. Zikipewa umeme, hutetema. Sauti husafiri ndani ya nyama karibu mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 hurudi baada ya sehemu 130 za milioni ya sekunde. Kompyuta hupima ucheleweshaji huo kwa maelfu ya mistari na kuchora kichwa, uti wa mgongo, moyo unaodunda. Mtetemo wa kasi hutoa picha kali lakini haufiki mbali; wa polepole hufika kwenye kina ila picha inakuwa chembechembe. Ile jeli ya baridi inayopakwa tumboni huondoa hewa, kwa maana kati ya hewa na ngozi karibu sauti yote hurudi nyuma bila kuingia.

Kilicho muhimu kwa Kibondo ni hiki: altrasaundi haihitaji volti 70,000. Haihitaji chumba cha giza, wala maji, wala ukuta wa risasi. Mashine ndogo inatosha kwenye begi na inafanya kazi kwa betri.

Haikushangaza basi kwamba mojawapo ya masimulizi ya kitaalamu yaliyoandikwa vizuri kuhusu picha za tiba mkoani Kigoma yanatoka kwenye kambi ya wakimbizi. Mkoa huu ulipokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wengine tena baada ya 1993, kisha Wakongo waliovuka ziwa kuanzia 1996. Kasulu ikawa na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu; Kibondo ikawa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mkugwa na Karago. Upande wa kusini, katika iliyokuwa wilaya ya Kigoma, ilikuwepo Lugufu, kambi ya Wakongo. Huko ndiko madaktari wageni walikopeleka mashine ya mkononi ya altrasaundi na kuwafundisha wahudumu wa kambi kuitumia, na taarifa ya kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2008 katika jarida la kimataifa la tiba ya dharura. Waliopima ni wahudumu wa kambini, baada ya mafunzo mafupi. Walitazama mimba, viungo vya uzazi, ini, figo. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Ilikuwa imeshathibitisha kwamba mahali pasipo gridi wala lami panaweza kuwa na jicho la ndani.

Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, Nyarugusu ilifurika watu zaidi ya 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, na Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki 24. Kwa mama anayetembea kutoka kijiji cha mpakani, kipimo hicho kinaweza kuonyesha mapacha, au kondo la nyuma lililoziba njia, wakati bado kuna muda wa kumfikisha kwenye upasuaji. Hakuna chombo kingine cha picha chenye thamani kama hiyo kwa wanawake wa nyanda hizi.

Mashine ya CT ni kisa kingine. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuiwaza hesabu yake mwaka 1956 akiwa kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Godfrey Hounsfield akaijenga Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wakagawana Nobel. Bomba la eksirei humzunguka mgonjwa, vipimo vya pande zote hukusanywa, na kompyuta hukokotoa kila nukta ya ndani ina uzito gani, hata damu iliyovuja ndani ya fuvu ikaonekana. Gharama yake ni makumi ya kilowati wakati wa kupiga picha, chumba chenye kiyoyozi, na mionzi mingi: picha ya kawaida ya kifua ni sawa na siku chache za mionzi ya asili inayotoka ardhini na angani, CT ya kifua ni sawa na miaka kadhaa.

Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliwashiwa taa na mashine za dizeli za TANESCO, zisizoungana na gridi ya Taifa. Dereva wa bodaboda aliyepasuka kichwa Kibondo alikuwa na safari ndefu mbele yake, mara nyingi hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Gridi ilishuka kutoka Nyakanazi ikafika wilaya hizi mwaka 2022, dizeli ikazimwa. Kipindi hichohicho fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 zilizoidhinishwa mwaka 2021, zilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa, Maweni mjini Kigoma ikiwemo. Umeme na mashine vilikuja karibu kwa pamoja. Bila cha kwanza, cha pili kingekuwa sanduku.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, bado iko mbali na Uha. Sumaku zake hupoozwa kwa heli ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na heli ni ghali na adimu. Hata hivyo mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza akiba kubwa ya gesi hiyo bonde la Rukwa, kwenye Bonde la Ufa lilelile linaloshika Ziwa Tanganyika.

Karibu zaidi kuna eksirei ya dijitali. Chumba cha giza kimekwisha: kibao cha kielektroniki hupokea mionzi, picha inatokea kwenye skrini baada ya sekunde chache, na inaweza kutumwa kwa mtaalamu aliye Mwanza au Dar es Salaam. Programu za kompyuta zinazosoma picha za kifua kutafuta kifua kikuu zilijaribiwa mapema kwa wagonjwa wa Bagamoyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaziruhusu kutumika mahali pa msomaji binadamu katika kuwachuja watu wa miaka 15 na kuendelea. Bagamoyo, mji uleule maiti ya Livingstone ilikopakiwa.

Kuondoka kwa filamu kunaacha pengo moja. Madaftari ya vyumba vya eksirei, yenye tarehe, umri, kijiji na sababu ya kila picha, ni kumbukumbu ambayo hakuna ofisi nyingine inayo: ajali zilianza lini kuzidi kuanguka mitini, kifua kikuu kiliwafuata nani, risasi zilifika hospitali miaka ipi. Madaftari hayo hupotea kirahisi, kwa mchwa, kwa moto wa kusafisha stoo. Waliokuwa wakiyajaza wanazeeka. Hospitali za wilaya na za madhehebu zinapaswa kuyahifadhi kabla ya kuhamia kwenye kompyuta moja kwa moja. Na msomaji wa Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe anayemfahamu mzee aliyefanya kazi kwenye chumba cha giza, amfuate mwaka huu akiwa na simu ya kurekodia, amwombe asimulie.